Mikisa inanguruma, breka inaruka, mashine inauma: kutafuta kosa kwenye umeme wa muda wa saiti

Simu ninazopigiwa kutoka saiti za ujenzi hufanana. "Fundi, mikisa inanguruma tu, haizunguki." "Fundi, breka imekataa kukaa." "Fundi, LUKU imekwisha na juzi tu tumeweka." Halafu kuna ile ambayo mtu huitaja mwishoni, akiwa tayari anaaga: "Na ile mashine inauma kidogo ukiishika, ila siyo sana." Hiyo ya mwisho ndiyo hunifanya niache ninachofanya na kuwaambia wazime mein swichi nikiwa bado kwenye simu.

Nimepanga makosa haya kwa dalili, yaani kile unachokiona au kukisikia, kisha vyanzo vyake kuanzia kile ninachokikuta mara nyingi hadi kile cha nadra. Karibu kila dalili ina ukaguzi ambao mwenye nyumba au msimamizi anaweza kuufanya mwenyewe. Pia ina mahali pa kusimama. Tafadhali simama hapo kweli.

Saiti ninayoizungumzia ni ya kawaida ya kwetu Tanzania. Mita ya LUKU ya fezi moja, volti 230, imefungwa kwenye kibanda cha mlinzi au stoo ya saruji. Kibanda kilifanyiwa wayaringi na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati, kisha TANESCO wakaja kuunganisha. Baada ya mita kuna mein swichi, RCD ya miliampea 30 (breka ya kulinda mtu, naieleza hapo chini), breka mbili tatu na soketi mbili. Fimbo ya ethi, yaani ya kupeleka umeme uliovuja ardhini, imeshindiliwa pembeni. Kuanzia hapo hadi kwenye mashine ni ekstensheni.

Kama wewe umevuta waya kutoka dirishani kwa jirani hadi kwenye mikisa, sina dalili ya kukusaidia nayo. Soketi ya sebuleni kwa mtu haikufungwa kwa ajili ya mota ya kuchanganyia zege, na siku waya ukiungua utaungua ndani ya nyumba yake. Omba mita yako mapema, kabla ya msingi, kwa sababu mita hiyo hiyo ndiyo utakayoitumia nyumba ikiisha. Kabla ya kuomba, pima umbali wa kutoka kwenye nguzo: ukivuka mita 30 itahitajika nguzo ya kuongeza, na gharama hubadilika.

Breka mbili ambazo watu huzichanganya

Nusu ya mazungumzo yangu na wenye saiti huanza hapa, kwa hiyo tuelewane kwanza.

Breka ya kawaida huruka umeme unaopita ukizidi kiwango chake, au laivu (waya unaoleta umeme) na nyutro (waya unaourudisha) zikigusana, yaani shoti. Inalinda waya usiungue. Haijui kama kuna mtu anapigwa.

RCD ni ile pana yenye kitufe kidogo kilichoandikwa T. Inalinganisha umeme unaotoka kwa laivu na unaorudi kwa nyutro. Vikitofautiana kwa miliampea 30, hata chini kidogo ya hapo, inakata papo hapo, maana umeme uliopotea umepitia mahali pengine: kwenye maji, kwenye udongo, au kwenye mwili wa mtu. Hiyo ndiyo inayolinda binadamu. Ikiruka inakuambia jambo la kweli. Nimekuta saiti ambazo RCD imeungwa waya wa kuiruka, ukitoka upande huu kwenda upande wa pili, ili "isisumbue kazi". Ukiikuta hivyo kwako, kazi imesimama hadi waya huo utoke.

Bonyeza kitufe cha T kila Jumatatu kabla ya kazi, umeme ukiwepo. Lazima ianguke. Isipoanguka imekufa, ibadilishwe. Lakini jua kwamba kitufe hicho kinaijaribu RCD yenyewe tu, hakisemi chochote kuhusu ethi yako. RCD itaanguka kwa kitufe hata kama fimbo ya ethi iliibwa mwezi uliopita.

Dalili: hakuna umeme kabisa

Anza na yaliyo rahisi. Je, jirani wanao? Kama mtaa mzima umezima, subiri. Je, yuniti zimekwisha? Kwenye saiti watu wengi hutumia na hakuna anayeangalia mita. Je, RCD au mein swichi imeanguka? Kama imeanguka, nenda kwenye dalili inayofuata kabla ya kuipandisha mara tatu nne kwa hasira.

Kama yuniti zipo na breka zote ziko juu, tazama kisanduku cha kuingizia tokeni. Kikiwa kimya, huenda betri zake zimekwisha au kimelowa kwa sababu kibanda kinavuja. Baadhi ya mita hujikata zenyewe mzigo ukizidi, kisha hurudi baada ya muda mfupi. Ukiona umeme unaondoka kila grinda na mikisa vinapowashwa pamoja kisha unarudi bila wewe kugusa kitu, chanzo ni mzigo.

Tokeni ikikataliwa, hakiki kwanza tarakimu zote 20 na namba ya mita. Kama mita ilikaa muda mrefu bila kutumiwa, labda ujenzi ulisimama tangu 2023 ukaendelea baadaye, kuna chanzo kingine. Mita za tokeni za aina hii duniani kote zilitakiwa kuingizwa tokeni maalumu za kuziboresha kabla ya tarehe 24 Novemba 2024. Ambayo haikuboreshwa haipokei tokeni mpya. TANESCO watakupa tarakimu za kuiboresha, unaziingiza kwa mpangilio waliokupa, kisha ndipo unaweka zile za yuniti.

Chanzo cha mwisho ni waya wa kutoka kwenye nguzo: umelegea kwenye kiungo au umekatwa na lori la mchanga lililopita chini yake.

*Simama hapa.* Kila kitu kuanzia nguzo hadi ndani ya mita ni cha TANESCO. Usipande, usikate lakiri, usimtume kijana "mwepesi" apande. Waya ulioanguka chini usisogelewe na mtu hata kama unaonekana umekufa.

Na kwa kuwa tunatazama juu: nondo huuzwa zikiwa na urefu wa mita 12. Vijana wawili wakiinua moja kuipeleka ghorofani, ncha yake hufika mbali kuliko wanavyokadiria. Laini kubwa za barabarani ni za volti elfu 11 au elfu 33, na waya wake mara nyingi hauna ganda lolote. Kama laini ya aina hiyo inapita karibu na kiwanja, ongea na TANESCO kabla ya kupandisha nguzo za ghorofa ya kwanza.

Dalili: RCD inaruka

Swali la kwanza ninalouliza ni: inaruka lini?

*Asubuhi baada ya mvua.* Hii ndiyo namba moja, hasa wakati wa masika. Maji yameingia kwenye kichwa cha ekstensheni kilicholala chini, kwenye jointi iliyofungwa tepu nyeusi, au kwenye soketi ya ukutani isiyo na kifuniko. Chomoa kila kitu. Pandisha RCD. Ikikaa, ukuta ni mzima na kosa liko kwenye vitu ulivyochomoa. Vichomeke kimoja kimoja, ekstensheni kwanza ikiwa tupu, kisha mashine. Kile kinachoiangusha ndicho chenye kosa, kiweke pembeni. Usikikaushe kwa kukiwasha. Kifungue, kikae juani siku nzima, kisha kijaribiwe tena. Jointi ya tepu iliyolowa haikauki ndani. Ikatwe, na waya uunganishwe kwa plagi na soketi za kuzuia maji au ubadilishwe wote.

*Mashine fulani ikichomekwa tu.* Waya wake umechubuka pale unapoingia kwenye mashine, au mota imelowa au imeanza kuungua. Vibreta, mashine ya kushindilia zege, huathirika sana kwa sababu inaishi ndani ya maji ya zege. Mashine hiyo ni ya kwenda kwa fundi wa mota. Ukaguzi wako unaishia kutazama waya kwa macho, plagi ikiwa nje.

*Bila kitu chochote kuchomekwa.* Shusha breka zote ndogo, pandisha RCD, kisha pandisha breka moja moja. Breka inayoiangusha inakuonyesha laini yenye kosa. Fungua macho kwa soketi za laini hiyo: maji, na pia sisimizi na mijusi, ambao hupenda sana ujoto wa ndani ya boksi la soketi. Lakini wakati mwingine RCD huruka hata breka zote zikiwa chini, jambo ambalo huwachanganya watu. Sababu ni kwamba breka ndogo hukata laivu peke yake. Nyutro ikigusana na ethi mahali fulani, RCD inaliona hilo hata breka ikiwa imeshushwa. Kuitafuta kunahitaji kuzifungua nyutro kwenye bodi na kuzipima kwa kifaa cha kupimia insulesheni (ganda la waya), na hiyo ni kazi ya fundi mwenye leseni.

*Ovyo ovyo, bila mpangilio.* Mara nyingi ni uvujaji mdogo mdogo wa vitu vingi ukijumlishwa: ekstensheni ndefu tatu, taa za nje, chaja, grinda kuukuu. Hakuna hata kimoja kinachofika miliampea 30 peke yake. Tiba ni kugawa laini, kila moja na RCD yake. Usinunue RCD ya miliampea 100 au 300 eti kwa sababu "haisumbui". Hizo ni za kuzuia moto. Mtu anaweza kufa kabla hazijakata.

Dalili: breka ya kawaida inaruka, au soketi inanuka

Hapa nitakwenda haraka kwa sababu vyanzo vinaonekana kwa macho. Breka ikiruka papo hapo ukiipandisha, ni shoti: waya umekanyagwa na toroli, umepitishwa chini ya nondo, au umekatwa na jembe. Tembea nao wote kutoka mwanzo hadi mwisho huku ukiushika, umeme ukiwa umezimwa. Ikiruka baada ya dakika kadhaa za kazi, ni mzigo. Plagi ya kawaida ya pini tatu bapa ni ya ampea 13, karibu wati 3,000. Mashine ya kuchomea ya fundi wa mageti huvuta zaidi ya hapo na inahitaji laini yake kutoka kwenye bodi.

Soketi inayonuka au iliyobadilika rangi ina skrubu iliyolegea ndani, au pini za plagi zimelegea. Au kuna mtu alichomeka waya mtupu na kuushikiza kwa kijiti. Tabia hii ya kijiti nimeiona kwenye saiti za watu wenye pesa na za watu wasio nazo, na plagi ni bei ya soda chache. Mbali na joto, mwenye kijiti hajui laivu ameiweka wapi, na ethi hajaiweka kabisa. Fyuzi ya plagi iliyobadilishwa kwa msumari au karatasi ya sigara ni kosa hilo hilo. Usikaze skrubu ya soketi iliyoungua. Ibadilishe soketi, na kata ncha ya waya uliopata joto hadi ufikie shaba inayong'aa.

Dalili: mikisa inanguruma bila kuzunguka, grinda imechoka, taa zinafifia

Hii ndiyo inayoua mota nyingi, na karibu kila mara watu hulaumu umeme wa mtaani. Pima kabla ya kulaumu. Chukua multimita, pima volti kwenye soketi ya kibanda mashine ikiwa inafanya kazi, kisha pima mwisho wa ekstensheni mashine ikiwa bado inafanya kazi. Kupima ikiwa imezimwa hakukuambii kitu. Waya mwembamba usio na mzigo huonyesha 230 safi kabisa.

Kama kibandani kuna 225 na kwenye mashine kuna 190, mwizi ni ekstensheni yako.

Hesabu yake ni hii. Mikisa ya mota ya kilowati 1.5 huvuta karibu ampea 10 ikizunguka. Kwenye waya wa shaba wa mita 50, kwenda na kurudi, unapoteza takriban volti 20 ukitumia waya wa milimita moja ya mraba, 13 kwa wa 1.5, 8 kwa wa 2.5, na 5 kwa wa 4. Lakini wakati wa kuanza mota huvuta mara nne, tano ya hapo, na upotevu hupanda vivyo hivyo. Kwa waya wa 1.5, mota inayojaribu kuanza inaweza kubaki na volti 180 tu. Na nguvu ya kuanzia hushuka kwa mraba wa volti: kwa 180 inabaki karibu asilimia 60 ya nguvu yake. Ngoma ina kokoto na mchanga ndani, nguvu haitoshi, mota inasimama ikinguruma huku ikijichoma. Hesabu hiyo pia ni ya shaba halisi. Waya wa alumini uliopakwa rangi ya shaba hupoteza zaidi, na upo madukani. Kwangua ncha kwa kisu. Ukiona weupe ndani, urudishe.

Kwa hiyo, kwa mpangilio:

1. Ekstensheni nyembamba au ndefu mno. Tumia 2.5 kwa mita 50, au 4 kama mashine zitakuwa mbili. Njia bora zaidi ni kusogeza bodi ndogo karibu na kazi kwa kebo nene, ili ekstensheni ziwe fupi.
2. Ekstensheni ya roli iliyobaki imeviringishwa. Haipotezi volti nyingi zaidi, ila joto halina pa kutokea na ganda linayeyuka ndani kwa ndani. Ifungue yote hata kama unahitaji mita tano tu.
3. Ngoma kuwashwa ikiwa imejaa. Washa tupu, kisha mimina.
4. Jointi zilizolegea njiani. Zima umeme, pitisha mkono: jointi yenye joto ndiyo mbovu.
5. Kapasita ya mota imechoka. Dalili yake ni mashine kunguruma hata volti zikiwa nzuri, na ngoma ikisukumwa kwa mkono inaanza. Usiisukume. Kapasita huhifadhi umeme hata plagi ikiwa nje, mwachie fundi.
6. Umeme wa mtaa wenyewe uko chini. Kama kibandani mchana kuna 228 na saa mbili usiku kuna 185, transfoma imezidiwa. Andika saa na vipimo vya siku tatu uvipeleke TANESCO. Malalamiko yenye namba husikilizwa tofauti. Kwa sasa, changanya zege asubuhi.

Mota ikinguruma zaidi ya sekunde tatu bila kuzunguka, zima. Kila sekunde ya ziada inakula maisha yake.

Dalili: mashine, bomba au nondo inauma

"Inauma kidogo." Naomba neno hilo "kidogo" liondoke kwenye saiti. Linaelezea viatu vya aliyeshika na ukavu wa ardhi ya leo, haliielezi mashine. Kijana mwenye ndala kwenye mchanga mkavu anasikia mtekenyo. Kijana yule yule, peku kwenye maji ya zege kesho asubuhi, mkono umeshika mikisa ile ile, hataachia.

Zima mein swichi. Chomoa mashine. Hakuna kurudisha hadi chanzo kijulikane. Hii ndiyo dalili pekee ambayo hatua ya kwanza kwangu si ukaguzi.

Inatokeaje? Kwanza kuna uvujaji: laivu imegusa bodi ya chuma kwa sababu ganda la waya limechubuka au mota imelowa. Pili, ethi haipo, maana kama ingekuwepo RCD ingeshakata kabla mtu hajashika. Kwa hiyo mashine inayouma inakuambia kwamba makosa mawili yamekutana, na mara nyingi la tatu pia, yaani RCD haipo au imerukwa. Tafuta yote. Ukirekebisha waya uliochubuka peke yake umeacha mtego umetegwa.

Ethi hukatikia wapi? Kwa kawaida kwenye plagi: waya wa kijani na njano umechomoka, au ulikatwa na mtu aliyetaka plagi iingie kwenye soketi ya matundu mawili. Fungua plagi utazame. Chanzo cha pili ni ekstensheni yenye nyaya mbili tu ndani ingawa kichwa chake kina matundu matatu. Chanzo cha tatu ni fimbo yenyewe: kibano kimelegea na kushika kutu, au fimbo imechomolewa na mtu wa vyuma chakavu. Vifaa vyenye alama ya mraba ndani ya mraba, kama drili nyingi, havina waya wa ethi tangu kiwandani na hilo si kosa, lakini havitakiwi kulowa.

Sasa jambo ambalo hata mafundi wengine hulibishia. Mtu ananiambia, "Ethi ninayo, na breka ninayo, RCD ya nini?" Chukua ethi yenye ukinzani wa omu 100, ambayo kwenye mchanga wa pwani au kwenye ardhi ya Dodoma kiangazi ni ethi ya kawaida tu. Laivu ikigusa bodi ya mashine, umeme unaokwenda ardhini ni 230 kugawa kwa 100, yaani ampea 2.3. Breka ya ampea 20 au 32 inaona ampea 2.3 kama taa chache tu. Haitaruka leo wala kesho. Mashine itabaki na umeme mwilini, ikimsubiri mtu. RCD ya miliampea 30 kwa ampea hizo hizo 2.3 inakata mara moja. Ndiyo maana kwenye saiti RCD ni lazima, na ethi nayo ni lazima: moja inafungua njia, nyingine inaona kilichopita.

Kufunga waya wa ethi kwenye nondo iliyochomekwa mchangani hakuifanyi kuwa ethi. Kumwaga maji kwenye fimbo kunasaidia kwa siku moja. Dawa ni fimbo ndefu zaidi, au ya pili umbali kidogo kutoka ya kwanza zikiunganishwa, kisha fundi apime kwa kifaa cha kupimia ethi. Mimi hutulia ikishuka chini ya omu 100, na sikubali kitu kilichozidi 200 kwa sababu kikikauka hakitabiriki.

Usiamini testa ya bisibisi kukuhakikishia kwamba mashine ni salama. Ile taa ndogo inaweza isionekane juani, na inaweza kuwaka kwa umeme wa kuambukiza usio na nguvu. Inakudanganya kwa pande zote mbili.

*Mtu akinaswa:* usimshike. Kimbilia mein swichi au chomoa plagi. Kama huwezi kufika, simama juu ya ubao mkavu na umsukume atoke kwa mti mkavu, kamwe si kwa nondo au koleo la chuma. Kama hapumui, mkandamize kifua katikati, kwa nguvu na kwa kasi, bila kuacha, huku mwingine akitafuta gari. Hata akisimama na kusema yuko sawa, apelekwe hospitali. Moyo unaweza kusumbua baadaye.

Dalili: taa moja inawaka kali mno, nyingine inafifia

Kwenye saiti ya fezi tatu, hii ni nyutro iliyokatika au kulegea. Kati ya fezi na fezi kuna volti 400, na bila nyutro vifaa vyako vinagawana volti hizo ovyo: kimoja kinapata 150, kingine 250 au zaidi. Hakuna ukaguzi wa kufanya. Zima mein swichi sasa hivi, piga simu TANESCO kitengo cha dharura, na usiwashe hadi waje wapime. Kwenye fezi moja, taa zinazopanda na kushuka bila mashine kuwashwa zinaelekeza kwenye kiungo kilicholegea. Kikiwa upande wa nguzo, ni simu hiyo hiyo.

Dalili: yuniti zinayeyuka

Zima mein swichi kabisa. Tazama taa ndogo nyekundu ya mita. Ikiendelea kupepesa, kuna waya unaotumia umeme kabla ya swichi yako, na hilo ni la TANESCO. Ikisimama, washa mein swichi na kila kitu kikiwa kimechomolewa. Ikipepesa tena, una uvujaji. Ile ethi ya omu 100 niliyoitaja ikipitisha ampea 2.3 usiku na mchana inakula zaidi ya wati 500, yaani yuniti 12 kwa siku, bila taa hata moja kuwaka. Saiti yenye RCD nzima haiwezi kuugua ugonjwa huo.

Kama hakuna uvujaji, chanzo ni matumizi. Taa ya zamani ya ulinzi ya wati 500 kwa saa 12 ni yuniti 6 kila usiku. Ya LED ya wati 50 inakula 0.6. Na ongea na mlinzi kwa heshima kuhusu jiko la koili. Anaishi pale, anapika pale, na akielezwa mapema mnapatana.

Dalili: inatokea tu kwenye jenereta

Jenereta nyingi ndogo hazina nyutro iliyounganishwa na bodi wala na ethi. Hapo RCD yako inaweza isifanye kazi kabisa: kosa la kwanza halina njia ya kurudi, hivyo haioni tofauti, na kosa la pili ndilo humpata mtu. Kitufe cha T kitakubali, na bado hujalindwa. Kuunganisha nyutro ya jenereta na ethi kunategemea jenereta yenyewe na kuna mahali pake maalumu, kwa hiyo kufanywe na fundi anayesoma mchoro wake. Mota kushindwa kuanza kwenye jenereta mara nyingi ni udogo wa jenereta: mikisa ya kilowati 1.5 inaweza kuhitaji jenereta ya kilowati 4 au 5 kwa sababu ya ule mvuto wa kuanza.

Usichomeke jenereta kwenye soketi ya ukutani ili "irudishe" umeme kwenye kibanda. Umeme huo unapita mita kinyumenyume, unafika kwenye transfoma na kupandishwa hadi maelfu ya volti kwenye laini ambayo fundi wa TANESCO ameishika akijua imezimwa. Swichi ya kubadilishia, yenye mkono mmoja unaokaa ama TANESCO ama jenereta na kamwe si pande zote mbili, ifungwe siku ile ile jenereta inapofika saiti.